Kiti cha Mtu wa Tatu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la kunyolea, upande unaopata kivuli asubuhi. Mguu wake mmoja ulikatika zamani, tukauwekea tofali, na tangu siku hiyo hakuna aliyezungumzia fundi seremala. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa kabla ya kila mtu kushika kazi yake. Spana ni fundi wa magari, ana gereji yake mtaa wa pili. Wakili si wakili hata kidogo. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mpaka akastaafu, na anaamini sheria zote zilimwingia masikioni akiwa amesimama pale. Fundi ni mshonaji wa nguo, mtu mpole, hata bei za kushona huzitaja kwa kunong'ona. Gari dogo lililoegeshwa mbele yetu ni lake. Ni kuukuu, rangi imekwajuka kwenye boneti, lakini linawaka kila asubuhi, na kwa gari hilo humpeleka mkewe hospitali kusafishwa damu, maana figo zimechoka na hawezi tena kupanda basi. Sote tunamwita shemeji. Asubuhi ile Fundi alifika uso umemshuka, akakataa hata kuketi.

Spana: Vipi, bwana? Mbona umesimama kama mtu wa kudai?

Fundi: Natoka ofisi ya bima. Na hawa wamenikataa.

Spana: Na hawa? Si walisema redioni wanapokea magari yote?

Fundi: Yote, ila siyo yaliyozeeka. Yule binti wa dirishani kaniuliza limetengenezwa mwaka gani. Nikamwambia. Akaniuliza tena, akadhani kasikia vibaya. Halafu kasema, "Baba, hilo hatulikatii bima kubwa. Chukua bima ndogo, ya mtu wa tatu."

Wakili: Hiyo si unayo?

Fundi: Ninayo, ndiyo. Ninayotafuta ni ile kubwa, ili shemeji yenu akiumia nikiwa naendesha, atibiwe, awe amekaa kiti chochote. Ofisi ya kwanza walicheka. Ya pili walikubali, lakini bei yao, jamani, bora ningewaachia gari lenyewe. Na leo hawa. Nimezungushwa mji mzima mpaka soli imeisha.

Mimi: Hukuwaambia unaendesha polepole?

Fundi: Niliwaambia. Nyumbani, hospitali, nyumbani. Nikawaambia hata baiskeli hunipita. Wakasema kompyuta haiulizi mwendo, inauliza mwaka.

Akashusha pumzi. Tulimwonea huruma kweli, kila mmoja wetu, na kwa sababu hatukuwa na cha kumpa tulimpa kikombe.

Hapa lazima nieleze habari ya mtu wa tatu, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Bima kubwa ya Fundi ilipokwisha, mwezi uliopita, akalazimika kukata ile ndogo, na huko wakamwambia inamlinda mtu wa tatu. Akaja kutuuliza ni nani huyo. Wakili akajibu bila kumeza mate: dereva ni mtu wa kwanza, aliyekaa kando yake ni wa pili, aliye nyuma ndiye wa tatu. Tukaona mantiki imenyooka. Tangu hapo shemeji akahamishiwa kiti cha nyuma, na kila siku ya hospitali mmoja wetu akawa anakwenda kukaa mbele ili awe mtu wa pili, naye shemeji apate kuwa wa tatu. Tuliweka zamu. Tuliifanya kwa moyo mmoja, na hakuna aliyelalamika kupoteza asubuhi yake.

Fundi: Basi leo zamu ya nani? Shemeji yenu amebaki kuvaa viatu tu.

Spana: Yangu. Lakini ndugu yangu, nina injini ya watu nimeitandaza chini, na mwenyewe anakuja sasa hivi. Kinyozi, niokoe.

Mimi: Nina kichwa cha bwana harusi. Kaja na kaka zake wote. Wakili je?

Wakili: Mimi nilikwenda juzi. Mgongo haujapona.

Fundi: Sasa nimweke nani pale mbele?

Spana: Weka gunia la vitambaa.

Wakili: Gunia si mtu. Bima imesema mtu.

Spana: Basi ile sanamu yako ya dukani, ile ya kiume. Ivalishe koti, ifunge mkanda. Nani atajua?

Wakili: Ina kichwa?

Fundi: Haina.

Wakili: Utapata shida. Bila kichwa huwezi kuhesabiwa, hata mahakamani.

Spana: Ivalishe kofia!

Wakili: Kofia juu ya nini, wewe?

Tulicheka kidogo. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama mtaa wa nyumbani kwake.

Wakili: Hebu ngoja. Hebu ngojeni kwanza. Kwa nini kila ofisi wanauliza umri wa gari?

Spana: Kwa sababu limezeeka.

Wakili: Umri anaulizwa nani? Umri anaulizwa mtu. Kiti huulizi umri, meza huulizi umri. Sasa gari likishafika miaka ile, wale jamaa wanalihesabu kama mtu mzima. Gari lenyewe ndilo mtu wa kwanza.

Mimi: Aa, Wakili, hapo umepotea.

Wakili: Nisikilize. Gari wa kwanza. Fundi wa pili. Anayekaa mbele na Fundi ndiye wa tatu. Na aliye nyuma...

 Nadhani hata Wakili alitamani kulirudisha neno.

Fundi: Aliye nyuma ni wa nne.

Wakili: Nilikuwa nafikiri tu, bwana.

Fundi: Wa nne. Yaani mwezi mzima nimewakatia bima ninyi, na mke wangu nimemweka nje?

Mimi: Wakili anatia chumvi. Mwache.

Fundi: Na kama hatii?

Spana alikuwa anazungusha kikombe chake, jambo asilolifanya, maana kahawa kwake ni ya kugugumia. Nikajua ana jambo limemkaa kooni.

Spana: Kuna mteja wangu mmoja aliwahi kuniambia kitu kingine. Sikutaka kukisema.

Fundi: Kiseme.

Spana: Alisema mtu wa tatu hayumo ndani ya gari. Ni yule utakayemgonga huko njiani.

Wakili: Upuuzi! Mtu atoe fedha yake kumkatia bima mtu asiyemjua, ambaye hata hajamgonga? Nani mwendawazimu huyo?

Fundi: Spana. Kama ni hivyo, yeye yuko wapi?

Spana: Nani?

Fundi: Mke wangu. Kama wa tatu yuko barabarani, mke wangu anahesabiwa wapi?

 Wakili akaanza kueleza kuwa mteja yule alikuwa mlevi, nami nikaunga mkono ingawa simjui. Simfahamu hata kwa sura. Lakini hatukuweza kukubali kwamba mwanamke mgonjwa anasafirishwa kila wiki bila kuhesabiwa popote, basi tukaikataa habari hiyo kwa sauti kubwa, na Spana mwenyewe akaikataa pamoja nasi.

Fundi: Mimi naogopa, jamani. Nawaambieni ukweli. Hospitali wanafanya kazi yao, damu inasafishwa, anarudi na uso wake. Halafu mimi niende nimwangushe njiani kwa mikono yangu, na nisiwe na cha kumtibia?

Mimi: Shemeji anajua haya?

Fundi: Atajua ya nini? Ana yake yanamtosha.

Ndipo tukamwona anakuja. Alitembea akisimama kila baada ya nyumba chache, shali begani, mfuko wa hospitali mkononi, ule mkono usiotobolewa sindano. Sote tukainuka, hata Wakili na mgongo wake.

Shemeji: Hamjambo, mashemeji.

Sisi: Hatujambo, shemeji. Umeamkaje?

Shemeji: Nimeamka, ndiyo muhimu.

Fundi alikuwa ameshakimbilia gari. Alifungua mlango wa nyuma, akapangusa kiti kwa kiganja, akasimama kumngoja. Shemeji hakwenda. Alikuja mpaka kwenye benchi, akaweka mfuko wake chini, akatutazama mmoja mmoja.

Shemeji: Leo nani ananisindikiza?

Tukatazamana. Nilisema habari ya bwana harusi wangu, sauti ikanitoka ndogo.

Shemeji: Hapana, sikulaumuni. Nauliza tu, maana kila safari nakuta mwanamume mwingine kwenye kiti changu.

Fundi: Mke wangu, tunachelewa.

Shemeji: Tuchelewe. Baba, tangu tulinunue gari hili mimi nakaa pale mbele. Nakumenyea chungwa ukiwa kwenye foleni. Nakwambia taa imewaka, maana wewe ukipata mawazo huoni kitu. Sasa mwezi huu wote niko nyuma, mlango haufunguki kwa ndani, nangoja nifunguliwe kama mzigo. Natazama visogo vya watu. Mwanzo nilidhani mnaogopa nitawatapikia.

Wakili: Hasha, shemeji!

Shemeji: Nikadhani labda ni harufu ya dawa. Nikaoga mara mbili. Ikawa vilevile. Nyumbani nikikuuliza unaenda kuwasha cherehani. Basi acha nikuulize hapa, mbele ya ndugu zako, usipate pa kukimbilia.

Fundi aliachia mlango. Ulibaki wazi, na yeye akabaki amesimama kando yake, mikono haijui iende wapi.

Shemeji: Mume wangu, umeanza kujizoeza kuendesha bila mimi?

Spana akageuza uso. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari, ya bima na ya zamu na ya nia yetu njema, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Tulikuwa tumemhesabu mwanamke yule kila asubuhi kwa mwezi mzima, wa ngapi huyu, wa ngapi yule, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Fundi alikuja akaokota mfuko wa mkewe. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Alimshika mkono, akamzungusha hadi upande wa mbele, akamfungulia, akamketisha. Akauvuta mkanda kwa taratibu, akaufunga, kisha akaujaribu tena na tena kama umeshika kweli. Shemeji alikuwa bado anamtazama, anangoja ajibiwe.