Jackton Omolo na Viputo Vilivyokataa Kuungana

Marehemu Mzee Jackton Omolo alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Ugunja, Siaya, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaja Nairobi mwaka 1980 kusomea ufundi wa maabara, na tangu hapo, jamani, hakuweza kunywa soda bila kwanza kuinama atazame viputo vikipanda. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Mama Amondi, ambaye amemvumilia kuliko tutakavyosema leo, wakajaliwa Gordon na Kezia, anayewasomea haya.

Mnamo Februari 1990 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha kusafisha majitaka, mtaani Baba Dogo, pamoja na jirani yake wa mtaa wa Jericho, Mzee Mativo, mlango kwa mlango, bomba moja la maji, na kazi yao ilikuwa kuachilia viputo viwili vya hewa ndani ya tangi la kioo lenye maji yaliyotulia na kuandika vinavyofanyiana. Cha mbele hufungua njia, cha nyuma huifuata kwa wepesi, hukifikia, vikagusana, na Mativo aliandika kwamba katika maji safi vikigusana hivyo huungana vikawa kimoja, jambo ambalo kiwanda kilihitaji kulijua, kwa kuwa kiputo kikubwa hukimbilia juu kabla hakijayapa maji hewa ya kutosha.

Hapa ndipo wajomba walipomsihi Kezia jana apaache, wakisema msibani mtu husifiwa, lakini marehemu aliandika ukurasa huu kwa mkono wake na kumwapisha binti yake ausome Mativo akisikia, kwa hiyo mtatuwia radhi, utasomwa.

Agosti 2009 mabomba ya kiwanda yalikauka wiki nzima, marehemu akabeba maji ya kupimia kutoka nyumbani kwa jerikeni ambalo Mama Amondi alilinunua kwa muuza sabuni ya maji sokoni Jericho, akalisuuza mara mbili, akaona hakuna povu, akarudia vipimo vya Mativo akiwa peke yake. Viputo vilifukuzana, vikagusana, vikaachana, mara themanini, na badala ya kuvuka ua amuulize mwenzake, aliwaandikia wakubwa kwamba Mativo ametunga hesabu zake. Tarehe 3 Septemba Mativo alifutwa kazi, akaanza kuuza makaa, na kwa miaka kumi na mitano wazee hawa walipanga foleni kwenye bomba lilelile bila kujuliana hali.

Marehemu alistaafu mwaka 2021. Tarehe 20 Juni 2024, wakila chakula cha mchana, Mama Amondi alilalamika kwamba jerikeni lile bado linanukia sabuni, na mzee akaacha ugali mezani, akachukua jagi la kioo, maji safi na pampu ya hewa ya tangi la samaki, akatazama viputo viwili vikigusana na kuungana, kisha akatia tone moja la maji ya jerikeni, na vikagoma. Alilia. Majuto ni mjukuu, na huyu alimlea kwa siri, kwani mara tatu alifika mlangoni kwa Mativo akainua mkono abishe, akarudi nyuma kwa aibu. Januari mwaka huu figo zilimlemea, na tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, alituacha kabla hajabisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wote wa Jericho, na wafanyakazi wenzake wa Baba Dogo. Inamshukuru pia Mzee Mativo, ambaye hakuitwa na mtu, lakini tangu Jumanne ndiye anayewatekea waombolezaji maji ya chai, na aliyeketi hapo safu ya tatu akisikia haya kwa mara ya kwanza. Mzee Mativo, ulipima sawasawa, hukutunga hata nambari moja, na tunakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote.

Baba, mlango umebishwa. Pumzika kwa amani.