Viatu Vitakavyombeba Mama Hortense

Cheti cha kuzaliwa cha Mama Hortense Mbuyu kinasema alizaliwa Kalemie. Si kweli, na marehemu hakuvumilia uongo hata ulipopigwa mhuri. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1981 ndani ya behewa la treni iliyosimama Niemba, mama yake, Mama Fanny, akirudi kutoka kwa ndugu zake ili ajifungulie mjini. Baba yake, hayati Papa Élisée Mbuyu, alikuwa mkaguzi wa tiketi katika treni hiyohiyo, akaarifiwa akiwa behewa la mwisho. Inasemekana swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto ana tiketi. Tangu siku hiyo, kila jirani alipolalamika kwamba binti huyu hatulii, Mama Fanny alikuwa na jibu moja: "Huyu alizaliwa njiani. Mumuache afike."

Shule ya msingi na ya sekondari alisoma papa hapa Kalemie. Walimu wake walikumbuka kwamba aliandika akiwa amesimama, na kwamba kumkalisha kulimaliza nusu ya somo. Alipata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka 1999, wakati vita vilipokuwa vimekata njia zote za kwenda Lubumbashi. Alisubiri hadi 2003. Kati ya yote yaliyompata ujanani, kusubiri huko ndiko kulikomuumiza zaidi, na hakuwahi kuisamehe miaka hiyo. Njia ilipofunguliwa aliondoka na chombo cha kwanza alichokipata, akahitimu shahada ya afya ya umma Julai 2006.

Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo alifunga ndoa na Papa Théophile, fundi wa reli. Wazee waliohudhuria hawajasahau kwamba katikati ya ngoma kisigino cha kiatu cha bibi harusi kilivunjika. Wasimamizi walikimbia kutafuta gundi. Bibi harusi alivua kiatu cha pili, akakivunja kisigino nacho ili vilingane, akaendelea kucheza. Hicho kilikuwa kiatu chake cha kwanza kukirekebisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Emmanuella na Tony.

Mwaka 2007 aliingia katika huduma ya chanjo, akapewa vijiji vya upande wa Niemba. Pikipiki ya kazi ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mwenyewe ofisini. Marehemu alichukua baiskeli, au kinga kama sote tunavyoiita, akajifunga kisanduku cha chanjo mgongoni kama mtoto, akaenda. Wanaoijua njia ile wakati wa mvua wanajua kwamba nusu yake haiendeshwi: unashuka, unaitia kinga begani, unapanda ukingo wa kijito kwa miguu, kisha unairukia tena.

Hapo ndipo ugomvi wake na viatu ulipoanza. Mabuti ya mpira yalijaa maji yakawa mazito kama mawe. Raba ziliteleza, na kwa kuwa unyayo wa raba ulikuwa laini, pedali ilimchoma mguu siku nzima hadi akawa anachechemea. Sandali za tairi zilimezwa na tope, akaingia kijijini peku, chanjo mgongoni, watoto wakimcheka. Hatimaye alinunua sokoni, katika mitumba iliyovuka kutoka Kigoma, viatu vya kramponi, vile vya mpira wa miguu vyenye meno chini. Navyo havikumfaa jinsi vilivyokuwa, kwa sababu meno ya katikati yalikalia pedali vibaya na mguu ukachomoka. Akachukua kisu. Akakata meno ya katikati, akaacha ya mbele kwa kupandia na ya kisigino kwa kushukia. Akatoboa matundu ubavuni, ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Kamba, ambazo tope huzigandisha, akazitupa, akaweka mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Kilichobaki kilikuwa unyayo, ambao bado ulipinda juu ya pedali. Jioni moja Papa Théophile alirudi kutoka kazini akakuta sufuria ya wali iko wazi.

"Mama Emmanuella, kifuniko iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazi gani?"

"Iko ndani ya kiatu. Kula, Papa. Wali haina shida nayo."

Kifuniko hakikumaliza juma, kikakunjika. Papa Théophile, ambaye angeweza kukasirika kama ambavyo wanaume wengi wangekasirika, alitafuta bapa la msumeno wake uliovunjika, akalisaga makali, akaliviringa ncha, akamkabidhi mkewe. Bapa lile halikupinda tena, na sufuria za nyumba hiyo zilipata amani.

Habari za viatu hivyo zilienea. Waliokuja kumwomba ushauri waliupata, na kidogo cha ukali juu yake. Aliwaambia wachague kiatu kikubwa kidogo, kwa kuwa soksi ikilowa hudai nafasi na vidole havikimbii vikiwa vimefungwa. Kwa kisigino hakukubali mjadala: "Kisigino ikicheza, kiatu itabaki kwa matope na wewe utafika mbele yake." Kati ya waliotengenezewa ni Djo, mchukuzi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani, baba wa familia, ambaye kinga ni jembe lake.

Mbio za Matope zilianzishwa Kalemie mwaka 2018. Ni mbio ambamo mwendeshaji hulazimika kushuka mara kwa mara na kukimbia na baiskeli begani, mchangani ufukoni na kwenye miinuko iliyolowa. Kwa maneno mengine, ni kazi ya kila siku ya Mama Hortense, ila hii ina mashabiki. Jumapili tarehe 20 Machi 2022, akiwa na miaka arobaini na mmoja, aliwashinda wanawake wote, na aliyemfuata alionekana wakati marehemu alipokuwa tayari anakunywa maji. Rais wa kamati, Papa Jean-Luc, alimsogelea pamoja na waamuzi.

"Mama, inua muguu."

"Munataka muguu ama kiatu?"

"Hii njo kiatu gani? Umekikatakata."

"Nilikata meno yenye ilinizuia, nikaacha yenye ilinisaidia. Na ninyi mungefanya vile na sheria yenu."

Watu walicheka, na pengine kicheko hicho ndicho kilichomponza. Ilisomwa kanuni inayotaka viatu vya kiwandani visivyobadilishwa. Haikuwa imesomwa kabla ya mbio. Familia haitumii neno wizi. Inasema tu kwamba ushindi ulikuwa wake saa sita na saa saba haukuwa wake. Hatua chache kutoka hapo alisimama mshindi wa wanaume, Djo, akiwa amevaa viatu vilivyokatwa na kisu kilekile, tope hadi magotini. Yeye hakuna aliyemwambia ainue mguu. Ilionekana kuwa kiatu cha mwanamume hakina la kuulizwa.

Kwenye ubao wa washindi, upande wa wanawake, mwaka 2022 una mstari mtupu hadi leo. Marehemu aliipinga kanuni hiyo kila mwaka, kwa sauti na kwa hoja, na kila mwaka aliambiwa atulie. Kutulia ndilo jambo pekee ambalo hakulijua. Djo alizawadiwa kinga mpya, na mara nyingi alitaka kusema ukweli. Marehemu alimkataza: "Ukisema, watakupokonya kinga, utabeba ndagala kwa kichwa, na mimi sitapata kitu. Ngoja."

Mwezi Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Lubumbashi. Wauguzi walimwita Mama Korido, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa kitupu muda mwingi. Alipoona wagonjwa wakiteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki, aliomba kisu, akachonga mifereji chini ya kandambili za wodi nzima. Daktari alimkemea asubuhi. Alasiri alileta za kwake. Agosti alirudi nyumbani. Alifariki Kalemie Jumanne tarehe 18 Novemba 2025, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Wapo waliosema mjini kwamba ni kinga iliyomuua, kwamba kifua cha mwanamke hakikuumbwa kwa mbio. Familia inawaomba watu hao, kwa heshima yote, wanyamaze mbele ya jeneza.

Jumatano jioni, kamati ya mbio ilikuja matangani na taji la maua lililoandikwa "Kwa bingwa wetu". Walipokuwa wameketi, Djo aliingia akisukuma kinga, akaiegemeza kwenye kiti cha Papa Jean-Luc.

"Papa Prezida, kama kiatu yake ilikuwa kosa, na yangu vilevile. Alikata zote mbili. Kinga hii hapa, muchukue."

"Djo, hapa ni kwenye kilio."

"Njo maana nimekuja hapa. Kwa biro yenu, kule ofisini, yeye hayuko."

Papa Jean-Luc aliitazama kinga, hakuigusa. Alisema kamati itakaa baada ya matanga. Familia imeyapokea maua na inashukuru. Djo amerudishiwa kinga yake na Papa Théophile, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuidai. Anachodaiwa Papa Jean-Luc ni jina moja kwenye mstari mmoja.

Mvua ya siku hizi imeulainisha mlima wa makaburi. Mjomba wa marehemu, Papa Rubens, alikuwa ameamuru wabebaji wavae viatu vyeusi vya ngozi, akisema jeneza la mama si mpira wa miguu. Jana alipanda mwenyewe kukagua kaburi akiwa amevaa vya ngozi, akarudi na udongo mwekundu hadi kiunoni. Alivivua, akasema: "Muvae vile vyake." Kwa hiyo leo Djo na wenzake watamtwaa Mama Hortense begani, kama yeye alivyoitwaa kinga yake, wakiwa wamevaa viatu vilivyopita mkononi mwake. Anayetaka kukagua, miguu ni ile pale mbele. Wasindikizaji wenye viatu laini, wakiwemo wageni wetu wa kamati, wanaombwa kushikana mikono na wabebaji watakaobadilishana zamu; nyayo hizo zitawashikilia wote.

Marehemu ameacha mume, Papa Théophile. Watoto, Emmanuella na Tony. Mama mzazi, Mama Fanny. Dada, Mama Immaculée. Mjomba, Papa Rubens. Wapwa, na vijiji vyote vya njia ya Niemba ambako watoto walichanjwa na mkono wake.

Amani ambayo hakuitafuta akiwa amekaa, Bwana ampe sasa. Mama Fanny hakuwa na nguvu ya kusema, ila ameomba neno lake la siku zote lisomwe mara hii ya mwisho, kwa wanaobeba na kwa wanaofuata: mumuache afike.