Turbo Mbili na Masikio ya Kijiweni

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili zilizopinda, zilizotupwa na gereji ya ng'ambo ya barabara. Gereji yenyewe si ya kubadilisha oili na kuziba pancha. Ni ya magari ya mbio ya watu wenye hela za kuchezea: gari linaingia likiwa na akili zake, linafungwa turbo mbili, linatoka na wazimu. Mlangoni wameandika *Specialists*, na mimi hilo neno naliandika hata nikiwa usingizini, maana limo kwenye barua zangu tatu za kuomba kazi pale. Majibu yote yalikuja na *we regret to inform you*. Waongo. Aliyejuta ni mimi. Nina digrii ya uhandisi mitambo, *upper second*, tasnifu kurasa tisini juu ya turbo, na turbo ya kweli sijawahi kuigusa hata kwa bahati mbaya. Hapa kijiweni naitwa Digrii, na wanavyolitamka utadhani ni ugonjwa wa ngozi.

Asubuhi hiyo milango ya gereji ilikuwa wazi, na gari la kijani limelala katikati kama mjusi anayeota jua. Kila mtu alijua ni siku gani. Binti wa Mzee Sikio, tunayemwita Kumi-na-Tatu kwa sababu spana ya namba hiyo haimtoki mfukoni, alikuwa amefunga turbo mbili peke yake kwa wiki sita. Bosi alishasema: gari likiwaka likatulia, nafasi ya baba yake ni yake. Likikorofisha, analetwa fundi kutoka nje, na yeye anarudi kuosha vipuri.

Baba mwenyewe alikuwa amekaa nasi, kaipa gereji mgongo. Miaka thelathini alifanya kazi mle. Jina la Sikio alipewa kwa sababu angeweza kukaa ofisini na gazeti lake, akasema, "Silinda ya nne plagi imekufa," na wakifungua wanaikuta maiti. Mwaka jana akaacha kazi. Mgongo, alisema.

— Turbo moja inatosha kabisa, alianza Balozi, muuza viatu vya mitumba, ambaye kila nchi kiatu kilikotoka anaizungumzia kama kazaliwa huko. — Ya pili ni ya kurudia. Unaenda na moja, unarudi na nyingine.

— Nani kakudanganya? aliuliza Redio, fundi simu wetu, bila kuinua hata uso kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua. — Ya pili ni spea. Na hilo gari lilikosewa tangu kiwandani. Injini wameiweka kwenye buti! Mbele ukifungua unakuta pa kuweka begi la shule.

— Ndivyo yanavyotengenezwa, nikasema. — *Mid-engine*, injini inakaa nyuma ya dereva. Ni mambo ya mgawanyo wa uzito.

— Kashaanza kukohoa huyu, alisema Shangazi, muuza kahawa wetu, akinimiminia kikombe. — Kunywa, mwanangu, itapita.

Sikunyamaza. Nani atanilipa kwa kunyamaza? Nikawaeleza kwamba moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linasukuma hewa nyingi irudi ndani, injini ipate pumzi zaidi.

— Yaani linaishi kwa moshi wake lenyewe? Balozi alitikisa kichwa. — Kama shemeji yangu.

— Sikilizeni niwaambie, alisema Redio. — Turbo mbili zikishika kwa pamoja, dereva anafika kabla ya gari. Kuna jamaa mmoja alifika kwake, akavua viatu, akakaa sebuleni dakika tano nzima anasubiri gari lije lipaki.

— Na kivuli chake je? aliuliza Shangazi.

— Kivuli kilikamatwa na taa nyekundu.

Mzee Sikio alicheka nasi, lakini kicheko cha mtu ambaye roho yake iko kwingine. Kikombe chake alikuwa hajakigusa.

Ndipo stata ikalia ng'ambo ile. Nyiii-nyiii-nyiii-nyiii. Sekunde kumi. Kimya. Gari halikuwaka.

Tukatazamana. Stata ikalia tena, ikachoka, ikanyamaza.

— Limegoma, alinong'ona Redio.

— Plagi hiyo, alisema Balozi.

— Inaweza kuwa *compression*, nikasema, kwa ile sauti ninayoitumia kwenye interview. — Mtu akipunguza mgandamizo ili afunge turbo, asipopiga hesabu vizuri, mchanganyiko hauwezi kushika moto. Ni kosa la kawaida kwa mafundi wasio na...

Nikamwona Shangazi ananikodolea macho. Nikameza yaliyobaki. Mzee alikuwa kainamia kikombe, midomo inacheza. Nilidhani anaomba Mungu. Sote tulidhani hivyo, na Shangazi, kwa huruma, akaanza kuulizia bei ya viatu vya watoto.

Stata ikalia mara ya tatu. Kwa mbali nilimwona mwenye gari, kijana wa viatu vyeupe, anatoa simu. Bosi kakunja mikono kifuani.

Pembeni ya Redio alisimama mama mmoja tuliyekuwa hatumjui, mshonaji, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anasubiri simu yake isiyoshika chaji. Alimtazama mzee, akaitazama gereji.

— Samahani, baba. Yule binti si ndiye wako?

— Ni wangu.

— Na barabara hii ni hatua kumi. Sasa mbona umekaa huku?

Watu wa kijiwe chetu wana jibu la kila kitu. Waulize mwezi una uzito gani, watakupa kwa kilo. Lakini hapo hata Redio alizimika.  Mzee akajibu swali ambalo hakuulizwa.

— Halijagoma, alisema taratibu. — Kauzuia moto makusudi. Anaizungusha injini kavukavu ili oili ipande kwenye turbo kwanza. Turbo inazunguka mara laki moja kwa dakika, mama. Ikiamka haina oili, inakufa kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Mimi nilimfundisha mara mbili zinatosha. Mzee akatabasamu peke yake. — Yeye kaongeza moja.

Tasnifu yangu ina sura nzima juu ya ulainishaji wa turbo. Sura ya nne. Niliangalia viatu vyangu.

Halafu likawaka.

Halikuwaka kama gari. Lilikuwa kama mtu mzito kavuta kabati kwenye sakafu ya juu. Vikombe vilitetemeka ubaoni. Balozi alipiga kofi, Shangazi akashika kifua, na mzee akafumba macho, uso umemjaa ngurumo ile. Kumi-na-Tatu akaongeza mafuta kidogo kidogo, na juu ya ngurumo ikaanza kupanda sauti nyingine, nyembamba, filimbi ya mbali. Sote tuliinua vichwa.

Mzee Sikio hakuinua.

Alinishika mkono, kwa nguvu.

— Digrii. Zimeshaanza kuimba?

— Nini, mzee?

— Turbo. Zimeanza?

Ubao mzima ulimgeukia. Hakuwa na pa kujificha tena, akasema huku ameitazama kahawa.

— Sauti nene bado nazipata. Nyembamba zimeniacha. Mwaka jana turbo ya mteja ililia mbele yangu dakika nzima, mimi natabasamu tu. Aliyekimbia kuizima ni binti yangu. Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Mzee akamgeukia mshonaji. — Uliuliza, mama. Nikisimama pale, ataangalia uso wangu ajue kama zote mbili zinakwenda sawa. Tangu mdogo ndivyo anavyofanya. Na uso wangu leo hauna cha kumwambia.

 Bahati nzuri hakukuwa na muda wa pole.

— Niambieni mnachosikia, alisema. — Bila chumvi.

— Ndege elfu moja wamefungiwa kwenye... alianza Redio.

— Redio! alifoka Shangazi.

— Samahani. Redio aliweka chini simu ya watu. Sijawahi kumwona akifumba macho mchana. — Filimbi. Nyembamba.

— Moja au mbili?

— Mbili... Subiri. Zilikuwa mbili. Ya huku ilitangulia kidogo, ya kule ikaidaka. Sasa ni kama moja.

— Ni moja au ni kama moja?

— Moja, mzee. Naapa. Moja.

— Akiondoa mguu?

— Zinashuka polepole, alisema Balozi, na kwa mara ya kwanza hakutaja nchi yoyote. — Kama mtu anapuliza kahawa ya moto.

— Pamoja?

— Pamoja.

— Hakuna mkwaruzo? Kama mtu anasaga meno usingizini?

 Aliyejibu ni mshonaji.

— Hakuna, baba. Nina cherehani miaka kumi na minane. Chuma kikikwaruza chuma, mimi nakisikia kabla ya mwenyewe. Hapo hakuna.

— Digrii, moshi?

Nilisimama kabisa. Nikatazama bomba la kushoto, nikatazama la kulia, nikarudia.

— Hauna rangi, mzee. Si wa buluu, si mweusi. Pande zote mbili.

Ilikuwa ripoti yangu ya kwanza ya kitaalamu tangu nivae joho, na sikufanyiwa interview.

Mzee alipumua. Kule ng'ambo mwenye gari alikuwa anarukaruka kwa furaha, akaingiza mkono dirishani kuzima. Kumi-na-Tatu akamzuia, kiganja wazi, kama anazuia mtoto asivuke.

— Mbona halizimwi? aliuliza mzee.

— Jamaa anataka kuzima, nikasema. — Anamkatalia.

— Anaziacha zipoe. Mzee akaanza tena kuchezesha midomo, na safari hii niliona kuwa hakuwa anaomba. Alikuwa anahesabu sekunde. Alipofika mwisho, akainua kidole kimoja, na gari likazimwa wakati huohuo, utadhani yeye ndiye aliyeshika ufunguo.

Bosi alikunjua mikono. Akampa binti mkono wake msafi, na binti akaushika hivyohivyo na grisi zake.

Kumi-na-Tatu akavuka barabara, ovaroli imemlowa mgongoni, spana mfukoni. Shangazi aliinamisha birika kwenye kikombe safi. Likatoa matone mawili. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Mzee akamnyooshea binti yake kikombe chake, kile ambacho hakukigusa tangu asubuhi. Kahawa ilishapoa. Binti akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo kwa kiwiko, halafu akachuchumaa mbele ya baba yake, uso kwa uso, akayasema maneno polepole, midomo ikionekana vizuri. Nikajua kwamba anajua. Pengine alijua tangu siku ile alipokimbia kuzima.

— Baba. Umezisikia?

Redio alitazama bisibisi yake. Balozi akapanga viatu vilivyokwisha kupangwa. Na mimi, na kurasa tisini zangu zote, nikasoma neno *Specialists* kule mlangoni.

Mzee alimpangusa oili shavuni kwa kidole gumba, akazidi kuisambaza.

— Nimeambiwa, alisema.

Kumi-na-Tatu akatugeukia, mmoja mmoja, alipomfikia Redio akakawia.

— Na hawa ndio waliokuambia?

— Leo, mwanangu, hawakutia chumvi.