Dada Aliyedai Vipigo Arobaini

Wapendwa waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi kitinda mimba wa nyumba yetu, kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, na mnivumilie nikipaza sauti, maana mwenyewe hakuwahi kunong'ona.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya sita wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha matofali. Alisoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, na alipohitimu mwaka 1981, wa pili kati ya thelathini na mmoja, baba aliwauliza majirani kama kuna mwenye swali.

Tarehe 2 Februari 1982 aliajiriwa katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, na Agosti 1986 akafunga ndoa na shemeji yetu fundi umeme, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015, wakajaliwa binti muuguzi na mwana seremala, ambao mnawaona hapa mbele.

Sasa lile lililoandikwa vibaya kwenye faili lake la kazini, familia imeamua lisomwe sawasawa. Mei 1997 aliletewa apime mabamba ya zege ya aina mbili, ya sakafu ya juu ya ghala lililokuwa likijengwa, ambako vyuma vizito vingeshushwa kwa kishindo kutwa nzima, na chini yake wanawake sitini wakichambua mitumba. Akayadondoshea chuma cha kilo mia mbili, tena na tena, pale pale. Bamba la nondo za kawaida lilipasuka mapema, likabonyea, likamwonya kila mwenye macho, lakini lile la nyaya zilizovutwa kwa jeki, ambalo ndilo lililokusudiwa kujengewa, lilikuwa jeuri, kila likipigwa nyaya zililirudisha, nyufa zikajifumba, juu likabaki kama jipya.

Kwenye kipigo cha tano meneja wa maabara alisema, "Mama, inatosha, saini twende." Dada akaingia chini ya bamba na tochi, akaona ufa wa duara tumboni mwake, akatoka na vumbi kichwani, akajibu, "Siku za mwizi ni arobaini, na hili nalo nitalipiga arobaini." Kwenye kipigo cha ishirini na tatu, bila hodi, kipande kipana kama beseni kilichomoka upande wa chini.

Hakusaini. Akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya mafaili, meneja akasaini mwenyewe, ghala likafunguliwa Februari 1998. Dada akakipakia kile kipande kwenye toroli, akakisukuma mchana kweupe hadi langoni mwa ghala, akawaambia wale wanawake, "Hiki ndicho kitakachowaangukia." Wakagoma kuingia. Siku ya sita ya mgomo, juu kazi ikiendelea ili waonekane waoga, sakafu ilitoboka juu ya mabenchi matupu. Ikajengwa upya, nene zaidi, nyaya na nondo pamoja, mabamba yake yakapita vipigo arobaini mbele ya dada, aliyerudishwa maabara mwezi Aprili, na hadi leo watu wanafanya kazi chini yake.

Alistaafu Machi 2021. Septemba 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, kila mara akimwambia daktari kuwa dari la wodi lina ufa, na kweli lilikuwa nao. Tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa maabara mliobeba jeneza, na akina mama wa ghala mliokuja hamsini na mmoja. Meneja mstaafu ametuma shada la maua, tumelipokea, ila barua ya kufuta onyo bado tunaisubiri, na tutaifuata.

Pumzika, dada yetu. Sisi tungali macho.