Historia ya Peris Kemunto, Aliyewapenda Waigizaji Wanaobeba Chai

Ndugu zangu mliokusanyika hapa Malaz, Riyadh, leo Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Nyansiongo, mama yetu Priscilla, kaka yetu Laban, na wewe Lydia, mtoto wa pekee wa Peris, mimi ni Risper Moraa, mdogo wake marehemu, na karatasi hii aliiandika Laban kwa niaba ya familia, nami nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa mahali pawili ambapo nimeshindwa, na pengine nitaongeza mambo ambayo Laban hakuyajua.

Marehemu Peris Kemunto Nyakundi alizaliwa tarehe 3 Agosti 1987 huko Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, akiwa kifungua mimba wa Mzee Timothy Nyakundi, ambaye naye ni marehemu, na Mama Priscilla. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani hadi mwaka 2001, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2005, na Laban hakuliandika hili, lakini wote tunajua kwamba akiwa kidato cha pili alifukuzwa kwenye kikundi cha maigizo kwa kumwambia mwalimu, mbele ya wageni, kwamba maiti wao anapepesa macho.

Mwaka 2008 aliolewa kimila na Bwana Hillary Ombati, wakajaliwa binti, Lydia, tarehe 19 Machi 2010, na ingawa wazazi hao waliachana mwaka 2014, marehemu alimlea mtoto kwa kazi ya kiwanda cha majani chai, hadi tarehe 6 Februari 2019 alipowasili Jeddah, akaajiriwa kazi za nyumbani na familia moja ya mtaa wa Al-Hamra, alikoishi hadi mwisho.

Mwezi wa Septemba mwaka huo baba yetu alifariki, na Peris alipokea simu hiyo akiwa ameshika sinia ya kahawa, wageni wakimngoja sebuleni, akaingia, akamimina, akatoka, na hakuna aliyejua. Wiki chache baadaye, akipangusa vumbi chumbani kwa binti wa madam, mwajiri wake, aliona kwenye runinga mchezo wa Kijapani, mwanamke anaambiwa kituoni kwamba baba yake amekufa, naye halii, anarekebisha tu mkanda wa mkoba wake na kuuliza treni inayofuata inaondoka saa ngapi. Peris alisimama na kitambaa mkononi mpaka yule binti akamcheka, na tangu siku hiyo kila alasiri, familia ikipumzika baada ya chakula, alikuwa kwenye chumba cha kupigia pasi na simu yake, akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Kila Ijumaa alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba au nane, na hakunisimulia nani kaoa nani, hayo hakuyajali, alinieleza uigizaji. Alisema Wajapani wanajua kufunga mlango, unautazama mlango na kujua mtu ametukanwa, na alimsifu kijana mmoja aliyeinama kumwomba bosi msamaha mpaka ukosi wa shingo ukawa mwekundu, akaniuliza, machozi kila mtu anaweza, lakini ukosi unauigiza vipi? Waigizaji wanaobaki warembo huku wakidai wana njaa hakuwataka kabisa. Aliowapenda kuliko wote ni wale wanaoingia na chai, wanaweka kikombe na kutoka bila kupewa neno la kusema, kwa sababu, alisema, hao wanasikia kila kitu cha nyumba ile na inabidi waigize kwamba hawajasikia, na kazi hiyo aliijua.

Mimi nimefanya kazi hapa Riyadh tangu 2017, mapokezi katika kliniki moja ya Olaya, na kazi yangu kutwa ni kuwapangia watu miadi ya daktari. Mwanzoni nilimsikiliza dada yangu, baadaye nikawa naongeza kasi mara mbili mpaka sauti yake ikawa kama ya mtoto anayegombana, na tangu mwaka jana niliacha kabisa, nikiona jina lake natuma alama ya moyo, au naandika "kweli kabisa dada", naendelea na yangu. Nilichoshwa na Wajapani wake, na ninaona aibu kulisema hili mama akisikia.

Hapa ndipo mahali pa kwanza. Laban ameandika kwamba marehemu aliugua kwa siri na kuficha hali yake hata kwa ndugu zake, na ameandika hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, lakini si kweli. Tarehe 11 Aprili, Peris alinitumia ujumbe wa dakika nane kuhusu mchezo wa msichana mgonjwa, akasema, "Risper, huyu ananiudhi, eti tumbo inamuuma na anaishika na mikono mbili akipiga nduru. Tumbo haiumi hivyo. Ikiuma kabisa unashika sinki, unangoja, halafu yalla, unamaliza vyombo. Mimi najua, huu ni mwezi wa pili. Hebu niulizie daktari hapo kwenu, lakini madam asijue, ikama yangu ya kukaa huku iko karibu kuisha na sitaki nirudishwe." Nilimjibu kabla dakika moja haijaisha, kwa alama ya uso unaocheka, na yeye aliyezoea kutazama watu alijua kwamba dakika nane hazisikilizwi kwa dakika moja. Hakuniambia tena. Ujumbe ule niliusikiliza tarehe 24 Mei.

Tarehe 20 Mei alianguka jikoni, madam mwenyewe akamkimbiza hospitali, wakakuta vijiwe vya nyongo vimeziba njia na maambukizi yameingia kwenye damu, na daktari aliniambia, bila kunilaumu kwa kuwa hakujua lolote, kwamba ni ugonjwa unaotibika mtu akiwahi. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Mei, saa tano asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, madam na watu wa nyumba yake, Mwatime wa Kwale anayefanya kazi nyumba ya jirani, aliyemshika mkono siku zote mbili mimi nikiwa natafuta ruhusa kazini, wafanyakazi wenzangu, na Wakenya wa Malaz waliohangaikia karatasi ili mwili uondoke keshokutwa Jumapili.

Mahali pa pili ni mstari wa mwisho, ambapo Laban ameandika, shukrani za pekee kwa Risper, aliyekuwa sikio la dada yake ugenini. Kaka, naomba uufute kabla karatasi haijapigwa chapa. Na wewe Lydia, umeniuliza mara mbili kwa nini mama hakumwambia mtu, nami mara zote mbili nilikujibu kwamba sijui. Mama yako alisema, mwanangu, aliniambia mimi.

Dada Peris, pumzika kwa amani.