Kiti cha Mwanangwa Herman

Mtukufu Mtemi wetu. Bwana Shamba uliyetoka mjini Shinyanga. Wanangwa wa vijiji jirani. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba na vijana wenzangu: mwangaluka! Mmeitikia kwa nguvu kweli. Najua ni harufu ya nyama hiyo, wala si mimi. Vumilieni kidogo.

Kwa mgeni asiyenijua, mimi ni Bujiku, nsumba ntale wa hapa, yaani mkuu wa vijana wanaolima kwa ngoma. Nimeombwa nimsifu mkuu wa kijiji chetu, Mwanangwa Herman, anayetuacha leo kwenda Geita kuwa mnyapara wa wachimba dhahabu. Nimeambiwa nieleze hasa jinsi alivyotuongoza kwa vitendo. Haya, nitavieleza hivyo vitendo.

Ndugu zangu, nani hapa asiyekijua kiti cha Mwanangwa? Kile cha kukunja, cha turubai, kinachofika shambani kabla yake kikiwa kichwani mwa mtu mwingine. Kikishawekwa kivulini, naye akishaketi, basi kazi imeanza. "Kazeni mikono! Inueni matuta, Bwana Shamba anakuja!" Jamani, sauti ile! Sisi tunatokwa jasho, naye kwa huruma anajifuta uso kwa niaba yetu.

Desturi yetu mnaijua. Ngoma ikilia, mkuu wa vijana hulima mstari wa mbele, na anayebaki nyuma huimbwa na akina mama mpaka atamani ardhi immeze. Mimi niliwahi kuimbwa nikiwa na homa, na hakuna aliyenionea huruma. Je, Mwanangwa aliwahi kuimbwa? Thubutu! Mtu asiyeshika jembe atabakije nyuma? Huo nao ni ujuzi wa uongozi, tusiudharau.

Mvua za kwanza za mwaka jana, mwaka wa hamsini na tatu, zilipoanguka, zamu ya kulimiwa ilikuwa ya Mama Mageni, yule mjane aliyeketi pale mlangoni. Mwanangwa akaamuru ngoma ihamie kwanza kwenye shamba lake yeye mwenyewe la pamba. Tukalima, tukalima, mpaka ardhi ikakauka. Kisha akaenda kukagua, akakuta shamba la mjane halina matuta! Na sheria ya Bwana Shamba ni sheria: kila shamba liwe na matuta. Akampeleka barazani, mama wa watu akapewa adhabu ya kazi. Kazi gani? Kupalilia pamba. Pamba ya nani?

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Watoto wa mama huyu walikula mihogo ya kuomba msimu mzima, na hasira niliyoipata bado ninayo hapa kifuani.

Mwanangwa wangu, nasikia huko Geita watu hushuka shimoni kwa ngazi, mmoja mmoja, na mwamba ukikatika haumuulizi mtu cheo chake. Sijui kama kiti cha kukunja kinapita. Ukifika utuletee habari.

Sasa zawadi. Wazee walipendekeza mbuzi, vijana wakakataa katakata. Tumekuletea jembe jipya. Mpini tumeuchonga wenyewe na kuulainisha vizuri, maana viganja vyako tunavijua. Usiliweke kwenye mizigo bado. Mvua ilinyesha jana, ardhi ni laini, na shamba la Mama Mageni liko hapo nyuma ya baraza, halijaguswa. Gari la Geita halijafika. Ngoma iko nje, na mstari wa mbele nimekuachia wewe.

Nawe Onesmo, mwanangwa wetu mpya, hongera sana. Nimekuona tangu asubuhi unakitupia jicho kile kiti. Kiache, ndugu yangu. Tumenunua majembe mawili.

Mtukufu Mtemi, tunangoja neno lako. Ameitikia kwa kichwa! Mmeona wote? Wabeja, Mtemi, wabeja sana. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza na njaa yenu. Nyama tutaila tukitoka shambani.

Akina mama, safisheni koo. Leo kuna mtu ataimbwa.