Mzee Rudia na Msiba wa Sura ya Tano

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, mtoto wake wa tatu, jukumu la kuwasomea historia ya maisha yake, na kabla sijaanza niseme mapema, ili asiwepo wa kushtukia katikati, kwamba jana kwenye kikao cha familia baba mkubwa alishauri kwa nia njema kabisa kwamba habari ya riwaya tuiruke, tuseme tu kuwa marehemu alistaafu akapumzika nyumbani, kwa sababu si vizuri kumtaja mtu mbele za watu kwa kazi iliyomshinda. Tulimsikiliza kwa heshima zote, na tukakataa. Nitaisoma yote, na mwenye kuona aibu aione kwa niaba yake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mama aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa jirani, na wanaokumbuka enzi hizo wanasema alikuwa mtoto asiyeweza kusimulia jambo mara moja likaisha, maana akitumwa dukani akakuta limefungwa, alikuja na habari hiyo, akaisimulia, akatoka nje, kisha akaingia tena kuisimulia upya, safari hii akianza na kufuli. Bibi yetu, aliyekuwa anangoja sabuni na si hadithi, ndiye aliyempa jina la Rudia, alimpa kwa hasira na yeye akalipokea kama zawadi, na ndilo mlilomjua nalo wengi wenu hadi anaingia kaburini.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza 1964, akaendelea na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila anakumbukwa kwa kumrudishia mwalimu insha iliyokwisha kupata alama nzuri, akiwa ameibadilisha mwisho, na mwalimu alipomwambia kuwa alama haziongezeki alimjibu kwamba analijua hilo, hakuja kwa ajili ya alama. Mwaka 1969 alisomea upigaji chapa, akafaulu vizuri, na Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1970 akaajiriwa mahakamani kama mpiga chapa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Chumba chao cha kazi kilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha moja linalotazama ukuta, mashine zikilia kutwa nzima kama mvua ya mawe juu ya bati, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya wenzake kama yalivyo, hukumu, viapo, ushahidi, na nakala zake za kaboni, ambapo kosa moja kwenye mstari wa chini lilimaanisha ukurasa mzima kuanza upya, kwa hiyo kwa miaka thelathini na tisa baba yetu alirudia kurasa zisizo na idadi bila kuruhusiwa kuboresha hata neno moja. Mara moja tu uzalendo ulimshinda, tarehe 22 Agosti 1983, alipoletewa hukumu yenye sentensi iliyokwenda ikizunguka hadi ikajikanyaga, akainyoosha, maana ileile, haki ileile, lakini sasa inasomeka, na hakimu alipoiona alimwita ofisini kwake na kumpa onyo kali. Marehemu aliomba radhi kwa mkono wake kugusa kisichokuwa chake, ila kuhusu sentensi yenyewe hakuomba radhi, na alipokuwa akitoka hakimu alimwita tena, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anaikumbuka vile alivyoiweka. Alikuwa anaikumbuka.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1974 na mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa mpokea simu wa ofisi ya posta, na walijuana kwenye waya kabla ya kuonana, kwani marehemu alitumwa na ofisi kuomba kuunganishiwa simu ya mbali, akaunganishiwa, akamaliza, halafu akapiga tena kumwambia mpokea simu kwamba ile salamu yake ya mwanzo haikukaa vizuri, anaomba airudie. Mama alimwambia airudie tu, foleni si ndefu. Walijaliwa watoto wanne, kifungua mimba mwaka 1976, ambaye ni kaka yetu mwalimu, wa pili 1978, fundi umeme, wa tatu 1981, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na kitinda mimba 1985, dereva wa lori, na ameacha wajukuu tisa, wote wanaojua kuchonga penseli kwa kisu.

Sasa nafika pale mnapopangojea. Mwezi Agosti 2009, akiwa na miezi miwili ya kustaafu, marehemu aliweka meza kwenye kibaraza cha nyuma na kuanza kuandika riwaya, habari za ndugu wawili waliogombania nyumba ya mama yao hadi wakaijengea ukuta katikati, na mama huyo, ambaye humo anaitwa bibi, akafa sura ya nne kwa uchungu, na niseme ukweli, miaka ile miwili ya kuandika rasimu ya kwanza haikuwa miaka mizuri kwake wala kwetu, alinuna, alikula kwa kulazimishwa, mlango ukigongwa aliruka, na kila ndugu aliyekuja kumjulia hali alikuwa kwanza anataka kuhakikisha kwamba yule ndugu mwenye roho mbaya si yeye. Tarehe 17 Novemba 2011 aliandika neno la mwisho, baba mkubwa akatoa hotuba, tukapiga picha, na kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Mwaka 2013 mchapishaji mmoja aliikubali riwaya ile kama ilivyo, mkataba ukawekwa mezani, kalamu ikafunguliwa, naye akaomba asome ukurasa mmoja tu kwanza, akausoma, akacheka peke yake, akasimama, akaomba apewe karatasi zake, kwa sababu ameona kitu. Alirudi nyumbani na bunda lake kwapani akipiga mluzi, na sisi tulikuwa tumekwisha kuwatangazia watu. Mlisema mengi, na mengine tuliyasema sisi wenyewe, kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwamba anaogopa kusomwa, kwamba uzee umeanza kumchezea, na baba mkubwa alikuwa kila akifika anauliza kabla hajaketi kitabu kinatoka lini, naye marehemu alikuwa anamjibu kwamba kinaendelea kuingia.

Lakini mliotuhurumia hamkuwa mnakaa humo ndani. Yule mzee aliyenuna alikwenda na rasimu ya kwanza, na aliyerudi kukaa kibarazani alikuwa mtu mwingine, anaimba wakati wa kunyoa, anakula na kuongeza, anatuita tukaone mlango wa ile nyumba ya riwaya ambao kwa miaka minne ulikuwa unafungukia ndani na sasa unafungukia nje, hivyo ndugu mkubwa atalazimika kurudi nyuma hatua moja mdogo wake akitoka, na hatua hiyo, alituambia, ndiyo ugomvi wenyewe, kurasa nane za matusi hazihitajiki tena. Alizikata zote nane, na siku aliyokata sura nzima ya mafuriko, aliyoihangaikia tangu mwanzo na ambayo kweli ilikuwa nzuri, alivaa koti lake la kustaafia, kama alivyofanya kila akikata kitu kikubwa, akatembea mtaa mzima mikono nyuma, na fundi viatu wa pale kona, aliyekwisha kuizoea tabia hiyo, akamuuliza leo amezika nani. Alimjibu kuwa amezika sura ya sita na haina matanga.

Mama hakuwa mtu wa kuonewa huruma pia, ingawa najua mlimuita mvumilivu. Kila mchana baada ya kula marehemu alimsomea kurasa za siku ile, na mama, aliyewaunganisha watu simu wakiwa na furaha, misiba na uongo wao kwa miaka yote ya kazi yake, alikuwa anajua mtu anayelia kweli anasemaje na anayejiliza anasemaje, akimkatisha katikati ya mstari kumwambia huyu hapa hasemi hivyo, huyu anataka kuombwa, na wakabishana hadi chai ikapoa. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya bibi wa sura ya nne, kwa sababu mama alishikilia kuwa mwanamke aliyelea watoto wawili wabishi hafi kwa uchungu wa ukuta, anaishi ili auone ukianguka, na marehemu alishikilia kuwa bibi asipokufa riwaya nzima inasambaratika. Walibishania jambo hilo rasimu baada ya rasimu, na bibi alikufa katika kila moja.

Tarehe 11 Februari 2022, baada ya kuumwa mgongo kwa muda mrefu, marehemu aligundulika kuwa na saratani, na daktari hakumficha. Familia ilikaa kikao, kaka yetu mkubwa, kwa mapenzi na si kwa kingine, alikuwa amempata mtu wa kuichapa riwaya kama ilivyo ndani ya mwezi, ili baba aishike mkononi walau siku moja, na baba mkubwa akamwambia ndugu yake, machozi yakimlenga, kwamba sasa basi, muda umekwisha, afunge. Marehemu aliwashukuru wote wawili, akasema kwamba alichapa maneno ya watu tangu kijana bila ruhusa ya kugusa hata moja, kwamba hiki alichokishika ni cha kwanza maishani mwake anachoweza kukigeuza apendavyo, na kwamba kifo kina haraka yake lakini haraka hiyo si yake yeye, hivyo asinyang'anywe penseli. Kaka alitoka nje kulia. Mimi nilibaki, nikamchongea.

Alilazwa mwezi Septemba, karatasi zikaenda naye, mama akawa ndiye msomaji na yeye msikilizaji, na mchana wa tarehe 3 Oktoba 2022 mama alifika tena kwenye kile kifo cha sura ya nne, akakisoma kama kilivyo bila kubisha, maana safari hii hakuwa na moyo wa kubisha, na marehemu akanyoosha mkono, akaomba ukurasa, akakifuta chote. Akaandika kwamba bibi alifumbua macho, akawatazama wanawe waliokuwa wamekwisha kuanza kugawana vyombo, akauliza nani amekalia miwani yake. Alicheka hadi muuguzi wa zamu akaja mbio, akasomewa, akacheka naye, na hadi jioni wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanauliza bibi kasemaje tena.

Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 2022, akiwa na miaka sabini na tatu, na ni kweli, nalikubali mbele yenu, riwaya ameiacha ikiwa imeharibika kuliko alivyoikuta, kwa sababu bibi yuko hai mwisho wa sura ya nne, na ukifungua sura ya tano unakuta watu wamekaa msibani wanamlilia. Mnaotaka kusema amekufa bila kumaliza, semeni. Alifanya alichokipenda hadi siku tatu kabla ya kufa, akikifanya vizuri zaidi kila mara, na sijui wangapi kati yetu tuliokaa hapa, wenye kazi zilizokwisha na kufungwa, tutasema hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule wa zamu ya mchana, inawashukuru majirani mliotuletea viti na maji, fundi viatu aliyefunga kibanda chake siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa mahakamani, na baba mkubwa, ambaye pamoja na yote ndiye aliyekaa naye hospitalini usiku wote na ndiye aliyemvalisha lile koti.

Na kwa wale mlioingia chumbani leo asubuhi kumpa mama pole, mkamkuta ameinama mezani na karatasi, mkatoka mkinong'ona kwamba msiba umemchanganya akili, tunawashukuru kwa huruma yenu, lakini akili zake ni timamu. Mama alikuwa anaufuta msiba wa sura ya tano.

Baba, pumzika kwa amani. Penseli anayo mama.